Dakika 19 baada ya chakula cha mchana: gridi ya Tokyo, 23 Julai 1987

Mchoro wa matumizi ya umeme wa Tokyo siku za kazi una shimo katikati. Saa sita mchana ofisi na viwanda husimama kwa ajili ya chakula, taa huzimwa, mashine hupumzishwa, na mstari wa mahitaji huporomoka. Saa saba kamili watu hurudi kazini na mstari hupanda tena. Waendeshaji wa gridi wanalijua shimo hilo kama dereva anavyolijua tuta la barabarani karibu na kwake: unapunguza, unapita, unaendelea.

Alhamisi ya 23 Julai 1987 walishuka shimoni kama kawaida, wakaanza kupanda, na hawakufika juu. Saa 7:19 mchana umeme ulikatika kwa wateja wapatao milioni 2.8 katika Tokyo na mikoa jirani. Mzigo uliopotea ulikuwa megawati 8,168. Wa mwisho kurudishiwa umeme waliupata saa 10:40 jioni, saa tatu na dakika 21 baadaye.

Kwa hesabu ya muda, hilo si giza kubwa. Ziko gridi zilizolala siku nzima na zaidi. Kinachonirudisha kwenye kisa hiki kila mara ni kile ambacho hakikutokea. Radi haikupiga. Laini haikuangukiwa na mti. Hakuna mtambo uliolipuka kwanza na kuwaburuta wengine. Mitambo ya kuzalisha ilikuwa na akiba, na masafa ya gridi, kipimo kinachokuambia kama uzalishaji unatosha, hayakuonyesha uhaba. Ni joto tu, na watu waliorudi kutoka kula.

Fukuto

Msimu wa mvua katika uwanda wa Kanto, ambako Tokyo iko, kwa kawaida huisha katikati ya Julai au baada yake kidogo. Kisha hewa nzito ya Pasifiki hulala juu ya jiji. Kalenda ya kale ya huko ina siku inayoitwa *taisho*, joto kuu, inayoangukia tarehe 22 au 23 Julai. Kiswahili kina neno linaloitosha hali hiyo bila maelezo: fukuto. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halikupoozi hata chembe, linakulowesha tu. Usiku nao hautoi nafuu. Wajapani wana neno *nettaiya* kwa usiku ambao joto halishuki chini ya nyuzi 25, na siku inayofuata usiku wa namna hiyo huanza na kuta zenye moto wa jana.

Kuna jambo ambalo watu wengi wanaolalamikia bili hawalijui: kiyoyozi kwenye fukuto kina kazi mbili, kushusha joto la hewa na kukamua maji yaliyomo ndani yake. Ya pili mara nyingi ndiyo nzito. Chukua chumba chenye mita za ujazo 50. Hewa iliyomo ina uzito wa kilo 60 hivi, na kuishusha kwa nyuzi 10 kunahitaji kuondoa kilojuli kama 600 za joto. Sasa angalia kile kibomba cha nyuma kinachodondosha maji ukutani. Kila lita iliyodondoka hapo imeilazimu mashine kuondoa kilojuli zipatazo 2,450, yaani mara nne ya hesabu ya kwanza. Kuta, vioo na miili ya watu ina fungu lake, sikatai, lakini ndoo iliyowekwa chini ya kibomba hicho ni mita nzuri ya fukuto kuliko kipimajoto. Ndiyo maana siku mbili zenye joto linalolingana, moja kavu na moja ya fukuto, haziiumizi gridi sawasawa.

Asubuhi ya tarehe 23 joto lilizidi utabiri, na makadirio ya mahitaji ya siku hiyo yakapandishwa kuelekea megawati 40,000. Bado ilikuwa idadi ambayo mfumo ungeweza kuibeba, ukiitazama kwa macho ya uzalishaji.

Dakika zenyewe

Kabla ya saa sita mahitaji yalikuwa kama megawati 39,000. Wakati wa chakula yalishuka hadi karibu 36,500. Kisha saa saba ikafika, na mstari ukapanda kwa kasi ya takriban megawati 400 kila dakika. Uzito wa namba hiyo unaonekana ukiitazama hivi: ni kama mtambo mzima wa ukubwa wa kati kuongezwa kwenye mzigo kila dakika, dakika baada ya dakika. Vyumba vilikuwa vimepata moto upya, na mashine zote ziliamka kwa pamoja.

Mitambo ilifuata kasi hiyo. Kilichoshindwa kufuata ni msongo, yaani volteji.

Njia kuu za gridi hiyo ni za msongo wa kilovolti 500. Kadiri mzigo ulivyopanda, msongo ukaanza kushuka, na waendeshaji wakafanya kile kinachofanywa: wakaunganisha kapasita, vifaa vinavyosaidia kuushikilia. Waliunganisha zote zilizokuwapo. Msongo ukazidi kushuka. Saa 7:15 ulikuwa kama kilovolti 460 upande wa magharibi wa mfumo. Dakika nne baadaye ulikuwa kama 370. Hapo relei za ulinzi, vifaa vinavyokata njia vyenyewe vinapohisi hatari, ziliuona mfumo kama wenye hitilafu, zikafungua njia kwenye vituo vikubwa vya kupoza umeme, na zile megawati elfu nane zikaondoka kwa mkupuo.

(Kiswahili cha mafundi kinasema "kupoza umeme" kwa maana ya kuushusha msongo ili ufae kwa matumizi. Sijui jina gani lingekuwa la kejeli zaidi kwa vituo vya siku ile.)

Mara baada ya hapo masafa ya gridi yalipanda. Mitambo ilikuwa ikizalisha kuliko walivyobaki watumiaji. Mtu aliyekuja na jibu la haraka kwamba "umeme haukutosha" angeangalia kipimo hicho na kubaki bila la kusema.

Kiyoyozi kisichojua kujinyima

Ili kuelewa kilichotokea kati ya 460 na 370, inabidi kuongea kidogo juu ya kitu ambacho hakimo kwenye bili ya nyumbani. Mota, transfoma na laini ndefu huhitaji, mbali na umeme unaofanya kazi, umeme mwingine unaokwenda na kurudi kujenga na kubomoa sumaku ndani yake mara nyingi kila sekunde. Wahandisi huuita nguvu riaktivu. Hausagi unga wala haupoozi chumba, lakini ukipungua mahali, msongo wa mahali hapo unaanguka. Tena hausafiri vizuri. Umeme wa kawaida unaweza kuzalishwa mbali ukaletwa, na Tokyo ilikuwa ikiletewa sehemu kubwa kutoka mbali, ikiwemo mitambo ya nyuklia ya Fukushima na Niigata. Nguvu riaktivu ukiituma umbali huo, laini zenyewe zinaila njiani, na jinsi laini zinavyobeba mkondo mkubwa ndivyo zinavyokula zaidi, kwa kipeo cha pili cha mkondo.

Kapasita nayo ina udhaifu wake, unaojitokeza saa ile ile inapohitajika. Msaada wake hupungua kwa kipeo cha pili cha msongo. Msongo wa 460 ni asilimia 92 ya 500, kwa hiyo kapasita inatoa asilimia 85 tu ya uwezo wake. Ukifika 370, inatoa asilimia 55. Kapasita zote zilizounganishwa kwa haraka baada ya saa saba zilikuwa zikisinyaa mikononi mwa waliokuwa wakizitegemea.

Upande wa pili wa mizani kulikuwa na viyoyozi. Taa ya zamani ya waya au pasi ya umeme, msongo ukishuka, inatumia kidogo zaidi: taa inafifia, pasi inapoa. Ni kama mtu anayejinyima sahani ikiwa ndogo. Tabia hiyo huusaidia mfumo bila mtu yeyote kugusa kitu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 viyoyozi vya inveta vilianza kuuzwa Japani, na inveta ni mashine nadhifu mno kwa hilo. Imeundwa iendelee kutoa ubaridi ule ule hata msongo ukiyumba. Msongo ukishuka, inavuta mkondo mkubwa zaidi kufidia. Kwa mzigo wa namna hiyo, msongo ukifika asilimia 74, mkondo hupanda kwa zaidi ya theluthi moja, na upotevu kwenye laini hukaribia maradufu. Upotevu huo unaushusha msongo zaidi. Inveta zinavuta zaidi. Mzunguko umejifunga.

Mlaumiwa mwingine ni swichi za hatua kwenye transfoma za kupoza. Kazi yake ni njema: zinapoona msongo wa kwenda kwa wateja umeshuka, zinapanda hatua moja ili kuurudisha. Mteja hahisi kitu. Ila katika mfumo unaozama, kila hatua inayopanda inamrudishia mteja hamu yake ya kula, na gharama inapelekwa juu, kwenye njia za kilovolti 500 ambazo tayari zinahema. Wateja waliendelea kupata huduma karibu ya kawaida hadi muda mfupi kabla ya kukosa kila kitu. Nadhani hapa ndipo kisa hiki kinapotisha kuliko vingine: hakuna aliyepewa onyo la taa kufifia kwa muda wa kutosha kuinuka na kuzima chochote.

Kwa hiyo tarakimu ya megawati 39,000 peke yake haielezi anguko. Mzigo wa karibu kiasi hicho ulikuwa umebebwa kabla ya saa sita bila tatizo. Tofauti ilikuwa kasi, na aina ya mzigo uliorudi. Kabla ya saa sita mzigo ulijengeka polepole, kapasita na mitambo vikapata nafasi ya kujipanga nyuma yake. Baada ya saa saba mzigo ulikuja mbio, na msaada ukawa unafika ukiwa umechelewa kila mara, kwa kiwango kidogo kuliko kilichoandikwa kwenye kibandiko chake.

Kama ungekaa kwenye kiti kile

Ni rahisi kuhukumu ukiwa na michoro yote mezani. Lakini tuseme ni saa 7:08, na kipimo cha msongo kinashuka. Ungefanya nini?

Kuunganisha kapasita mapema, wakati wa shimo la chakula? Ndilo jibu la kwanza la kila mtu, na lina ukweli. Tatizo ni kwamba mzigo ukiwa mdogo, kapasita nyingi huupandisha msongo kupita kiasi, na msongo uliozidi nao unaharibu vifaa. Ungekuwa unajipanga kwa jambo ambalo halijatokea, kwa gharama inayoonekana sasa hivi. Inawezekana, lakini inahitaji utaratibu ulioandikwa kabla, kwa kuwa mtu mwenye busara akiwa zamu peke yake hatathubutu.

Kuamuru mitambo iliyo karibu na jiji ishikilie msongo wa juu zaidi? Hili ni bora, kwa sababu mtambo ulio karibu haupunguziwi msaada wake na laini ndefu, na pia hausinyai kama kapasita. Lakini kwa desturi ya wakati ule mitambo ililinda msongo kwenye milango yake yenyewe, siyo kwenye njia kuu ya upande wa pili wa transfoma. Kila mmoja alikuwa akifagia uwanja wake.

Linabaki jibu la tatu, lile ambalo hakuna anayetaka kulitoa: kuwakatia watu umeme kwa makusudi. Kukata megawati mia kadhaa saa 7:10, mtaa huu na mtaa ule kwa zamu, kungempa nafuu kila aliyebaki. Kwa fizikia hesabu hiyo haina ubishi. Kwa binadamu aliye zamu ni kitu kingine. Masafa yako sawa, hakuna king'ora cha mtambo ulioanguka, na simu ya kwanza itakayolia itakuwa ya mteja anayeuliza kwa nini amekatiwa wakati jirani yake anawaka. Simlaumu mtu aliyesubiri dakika mbili zaidi. Ila dakika mbili ni megawati 800.

Ndiyo maana somo kuu ambalo kampuni ya umeme ya Tokyo, TEPCO, ililifanyia kazi baadaye lilikuwa kuutoa uamuzi huo mikononi mwa mtu. Waliweka mifumo ya kujiendesha inayoupima msongo na kukata sehemu ya mzigo yenyewe unapoporomoka. Walibadilisha pia udhibiti wa mitambo ili ishikilie msongo wa njia kuu, siyo wa mlango wa mtambo pekee. Wahandisi wao wakakiandika kisa kizima hadharani, kwa majarida ya fani, na wenzao wa nchi nyingine wamekuwa wakikifundisha tangu wakati huo. Ustaarabu huo haupatikani kila mahali. Makampuni mengi yangesema "hitilafu ya kiufundi" na kufunga faili.

Upande wa mtumiaji

Gridi haikuwa peke yake yenye la kujifunza. Jambo lililouua mfumo ni watu wengi kufanya kitu kimoja kwa dakika moja, na kulitatua hilo hakuhitaji hata waya mpya. Majira ya joto ya 2011, baada ya tetemeko na tsunami ya Machi kuzima mitambo ya nyuklia ya Fukushima, serikali ya Japani iliwaamuru watumiaji wakubwa wa maeneo ya Tokyo na Tohoku, wale wa kilowati 500 na zaidi, kupunguza matumizi ya kilele kwa asilimia 15. Viwanda vya magari viliamua kufanya kazi Jumamosi na Jumapili na kupumzika Alhamisi na Ijumaa, Julai hadi Septemba. Familia zililalamika, shule za watoto zilivurugika, na kilele kikapungua. Kabla ya hapo, mwaka 2005, serikali ilikuwa imeanzisha kampeni ya Cool Biz: ofisi ziwekwe nyuzi 28, watu wavue koti na tai.

Nyuzi 28 zinavumilika hewa ikiwa kavu na feni ikizunguka. Ofisini kwenye fukuto, na kompyuta zikitema joto, ni adhabu. Kwa maoni yangu kampeni za aina hii zinakosea zinapotaja nyuzi bila kutaja unyevu. Jengo linalopoozwa mapema kabla ya saa sita, likaachwa lipumue taratibu badala ya kuzimwa lote na kuwashwa lote, linaisaidia gridi kuliko mfanyakazi anayetoka jasho kwa uzalendo.

Na kuna hatari iliyo kubwa zaidi ya usumbufu wa ofisini. Mzigo unaotajwa kwa megawati una watu ndani yake. Mzee anayeishi peke yake, aliyezoea kusikia kwamba umeme ubanwe, ndiye anayekuwa wa kwanza kuzima kiyoyozi na wa mwisho kuhisi kwamba mwili wake umezidiwa, kwa kuwa kiu na hisia ya joto hupungua na umri.

Tarehe 23 Julai ilirudi tena mwaka 2018, miaka 31 baadaye, ikiwa na joto kali zaidi. Mji wa Kumagaya, kaskazini magharibi mwa Tokyo, ulifikia nyuzi 41.1, rekodi ya Japani kwa wakati huo, na siku hiyo hiyo idara ya hali ya hewa ikasema joto hilo lihesabiwe kuwa maafa. Eneo la gridi ya Tokyo lilivuta zaidi ya megawati 55,000, kama asilimia 40 zaidi ya mzigo ulioiangusha mwaka 1987. Karibu kila nyumba sasa ilikuwa na inveta. Saa saba mchana ilifika, watu wakarudi kutoka kula, na msongo ukasimama.

Mwaka huo watu 1,581 walikufa kwa kuzidiwa na joto nchini Japani, wengi wao wazee. Wakaguzi wa vifo wa Tokyo wanapoingia kwenye nyumba za waliokufa kwa joto, huandika pia hali ya kiyoyozi. Mara nyingi hakipo, au kipo ukutani na kimezimwa.